Sauti Iliyobisha Hodi

1

Bi Mwantumu alifika kwenye geti la kiwanda cha magari cha Palahala kwa miguu, vumbi limempanda hadi magotini, khanga moja kiunoni na nyingine ameisahau huko alikotoka. Mloka, mlinzi wa geti, alishangaa. Kila Jumatano mama huyu alikuwa akipita hapo Kihonda ndani ya kigari chake cha mizigo, kimejaa karoti na kabichi za Mgeta, akimpungia mkono bila kusimama.

"Bi mkubwa, leo gari limekupa talaka?" Mloka alimtania.

"Niitie mwanangu," alisema Bi Mwantumu. "Na hayo meno uyafunike."

Semeni aliitwa kutoka ukumbi wa kushona viti. Alikuja mbio, chaki ya fundi mkononi, vipande vya nyuzi vimemganda kwenye nywele.

"Shikamoo, Mama."

Mama yake hakuitikia. Semeni alikuwa na miaka ishirini na sita, na hakukumbuka hata siku moja ambayo salamu yake ilianguka chini namna ile. Akadhani hakusikika. Alikuwa mtu wa sauti ndogo mbele za watu, na Mloka alikuwa bado amewakodolea macho.

"Shikamoo, Mama," alirudia.

"Nimekukosea nini, Semeni?"

"Mama?"

"Nilikuwa uani naosha karoti. Saa nne hivi. Ukapiga hodi."

"Mimi? Mama, mimi niko hapa tangu saa moja asubuhi. Waulize wenzangu."

"Nisikilize!" Bi Mwantumu alifunga macho kana kwamba anataka kusikia upya. "Ukapiga hodi. Sauti yako hii hii, na kile kicheko chako cha mwishoni. Nikasema karibu. Ningesema nini? Mtoto wangu amepiga hodi. Nikafuta mikono, nikatoka mbele nione umekuja na nani. Sikuona mtu. Kigari kikawasha taa. Kikarudi nyuma, kikanyoosha njia, kikaondoka na karoti zangu nyuma. Nimekikimbiza hadi lami, mtu mzima mimi, watu wananitazama."

"Labda kimeharibika..."

"Hakikuharibika. Kilikuwa kinaongea njiani. Kinasema, asante kwa kunikaribisha. Kwa mdomo wako." Alimtazama bintiye usoni kwa mara ya kwanza. "Majirani wote wamesikia. Wananiuliza, Mwantumu, mwanao amekuibia?"

Semeni alitaka kujibu kwamba si yeye. Kisha akakumbuka. Saa nne asubuhi hiyo aliitwa juu, kwenye chumba cha sauti. Alisema neno moja tu, kisha akarudi kwenye cherehani yake.

Neno lenyewe lilikuwa hodi.

2

Magari ya Palahala hayakuwa na usukani wala funguo. Yalisikiliza na kujibu, na yote, tangu vigari vya mizigo hadi mabasi ya shule, yalijibu kwa sauti ya Semeni. Maneno ya kawaida yalikuwa yamehifadhiwa ndani yake: pinda kushoto, funga mkanda, pole na safari. Lakini maagizo mazito hayakuhifadhiwa popote. Miaka ya nyuma wezi walikuwa wakinakili sauti za watu na kuyaita magari yakawafuata kama mbwa, na tangu hapo Palahala ikaunda sauti hai. Kwa jambo lolote linalogusa mlango, betri au umiliki, gari lilitaka koo la mtu aliye hai, wakati ule ule anaposema. Semeni alivaa ukosi wa shaba shingoni, ukosi ukasoma pumzi na mapigo ya damu, na gari lilipotosheka ndipo lilipotii. Hakuna mashine iliyoweza kumuigiza.

Aliyemtafutia kazi hiyo alikuwa Injinia Kobelo. Miaka sita iliyopita alipita kwenye ukumbi wa viti akamsikia msichana akihesabu mishono yake polepole, akasimama hadi hesabu ikaisha. Semeni alikataa, hadi akajificha chini ya meza. Alisema hawezi kuongea na watu, wakimtazama hutetemeka. Kobelo akamwambia, "Usiwafikirie watu laki nne. Mfikirie mmoja. Mfikirie mama yako." Tangu siku hiyo, kila alipokaribia kipaza sauti, Semeni alimuona mama yake uani, ameinamia beseni la karoti, na sauti ikatoka yenyewe.

Sasa alimwacha mama yake getini, akasimama mlangoni kwa Kobelo. Alisahau kubisha.

"Shikamoo, Injinia."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

"Nitasimama. Uliniambia ile hodi ni ya wagonjwa."

Kobelo alivua miwani. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye mazoea ya kugawa karanga mfukoni mwake kwa kila aliyeingia. Leo mfuko ulikuwa bapa.

"Ulisema gari litakuwa linakwenda nyumbani kwa mgonjwa, linapiga hodi, linampeleka hospitali," Semeni aliendelea. "Nikafurahi. Hadi nikacheka kidogo mwishoni."

"Ndiyo. Ilitoka vizuri sana."

"Kigari cha mama yangu kiko wapi?"

Kobelo alinyanyuka, akafungua pazia. Chini, nyuma ya karakana, magari kama mia moja yalipangwa kwenye safu. Mafundi walikuwa wameyafungua matumbo. Semeni alikitambua kigari cha kijani kwa kitambaa chekundu ambacho mama yake alikifunga kwenye kioo. Karoti zilikuwa bado nyuma. Chini yake betri ilikuwa imekwisha kutolewa, pamebaki shimo.

"Palahala imekwisha, Semeni," alisema Kobelo. "Unaona ule uwanja wa nyuma? Yale ni magari mapya. Nyasi zimeota kwenye magurudumu. Hakuna anayenunua. Tumekopa hadi tunakopa ili tulipie tulichokopa. Watu wanatuuliza tutakuwepo mwakani, na mimi nawajibu ndiyo, ndiyo, kama kasuku."

"Na mama yangu anaingiaje?"

"Kuna mnunuzi. Hataki kiwanda wala magari. Anataka betri, tena zilizotumika." Alikaa tena, kwa uchovu. "Hizi betri zetu za chumvi ni kama viatu vya ngozi, zinalainika kwa kutembea. Iliyotembea miaka mitano inabeba moto mara mbili ya iliyotoka leo kiwandani. Hapa ndani hatunazo. Ziko mitaani, zimelala kwenye nyua za watu. Tukimpa nusu tu ya zile zilizoko nje, ataliendesha hili shirika miaka kumi. Watu elfu tatu watabaki kazini."

"Si za kwenu. Watu wamezinunua."

"Kuna kifungu kwenye mkataba. Kampuni inaweza kuingia na kuchukua chochote ndani ya gari, endapo mwenye gari ataikaribisha."

Semeni alimtazama.

"Karibu," alisema kwa sauti ya chini.

"Sheria haisemi akaribishe kwa barua au kwa mdomo. Wanasheria wa mnunuzi, hawa wageni, hawakuamini. Walisema hakuna mtu duniani atakayekubali jambo kama hilo kwa neno moja. Mimi..." Kobelo alipangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi. "Mimi ndiye niliyewaambia kwamba kwetu mtu akisikia hodi hafikirii. Hata akiwa anaoga, hata akiwa anagombana na mkewe, mdomo unasema karibu kabla kichwa hakijajua. Leo tumejaribu magari mia moja. Tisini na saba wameitikia."

"Na hao watatu?"

"Hawakuwepo nyumbani."

Chini, fundi mmoja alichukua karoti kwenye kigari cha kijani, akaifuta kwenye suruali, akaitafuna.

"Ulijua la mama yangu limo kwenye hayo mia moja?"

"Orodha ilipangwa na mtambo."

"Injinia. Ulijua?"

Kobelo alitazama mikono yake.

"Nilijua," alisema. "Niliogopa kwamba nikiliondoa utauliza kwa nini."

Ndipo akamwambia la mwisho. Keshokutwa, Ijumaa, saa nne asubuhi, ingekuwa zamu ya magari yote. Mnunuzi ametoa kikao kimoja tu. Bila koo la Semeni, hakuna hodi, na bila hodi kiwanda kingefungwa jioni yake.

3

Alhamisi habari ilikuwa imefika ukumbi wa viti kabla ya Semeni mwenyewe. Alipoingia, cherehani zilinyamaza moja baada ya nyingine. Alikwenda kwenye kiti chake, akatia uzi, akakosa tundu mara tatu.

Sikudhani, aliyekaa cherehani ya jirani, alimnyang'anya sindano akamtilia. Walikuwa mashoga tangu wote wawili walipoingia hapo kufagia vipande vya ngozi. Sikudhani alikuwa mjane, ana watoto wanne, anaishi nyumba za kiwanda, chumba kile kile alichofia mumewe.

"Tumesikia," alisema.

"Mmesikia nini?"

"Kwamba kesho unatuzika au unatufufua. Wenzako wanataka kujua tununue sanda au mchele."

Wanawake wawili watatu walicheka. Semeni hakucheka.

"Siku, wamechukua kigari cha mama."

"Pole. Nakupa pole ya kweli, mama yako ni mama yangu." Sikudhani alimrudishia sindano. "Lakini shoga, hebu tuongee. Wao wana magari. Sisi tunaoyashona tuna nini? Mimi gari la Palahala nimelikalia kiti tu, hapa, kikiwa hakijafungwa magurudumu. Mwenye gari akitembea kwa miguu, hafi."

"Mama yangu ametembea."

"Amekufa?"

"Hajafa. Haniitikii shikamoo."

Kisha mwanamke mmoja wa nyuma akasema, si kwa ubaya, "Atakuitikia tu, ni mama. Sisi nani atatuitikia?"

"Neno moja, Semeni," alisema Sikudhani. "Tena neno la adabu. Hukutukana mtu, hukuvunja mlango. Hodi! Mwenyewe akisema karibu, kosa la nani? Na jina lako lenyewe ndilo hilo. Semeni. Basi sema, mwenzetu, tule."

Semeni alikanyaga cherehani. Alishona kiti kimoja chote bila kuinua kichwa, mshono umepinda kama njia ya mbuzi. Kila aliloambiwa lilikuwa kweli, na bado moyo wake ulikataa kutulia. Alimfikiria daktari wa mifugo kule Mvomero, mhudumu wa basi la shule, wazee waliomtumia salamu kwa barua wakimwita binti yetu wa kwenye gari. Watu ambao hawakumjua sura, na walimfungulia mlango kila asubuhi.

Jioni, kabla ya kengele, alimuuliza Sikudhani, "Ungekuwa wewe?"

"Mimi ningesema. Halafu ningelia." Sikudhani alikunja kitambaa chake cha kichwani. "Usiniulize tena. Ukiniuliza tena nitakupigia magoti, na sitaki kukupigia magoti."

4

Ijumaa, saa nne kasoro, chumba cha sauti kilikuwa na watu watatu. Mwakilishi wa mnunuzi aliketi kwenye kona, kijana nadhifu mwenye kidude sikioni kinachomtafsiria. Kobelo alisimama kwenye mtambo, mkono karibu na swichi. Semeni alivaa ukosi. Shaba ilikuwa baridi, kisha ikaanza kupata joto la shingo yake.

"Ukisema hodi, masikio ya magari yanafunguka," Kobelo alimkumbusha. "Sekunde tano. Atakayesema karibu ndani ya hizo, tumeingia kwake. Unaweza kurudia hadi mara tatu, kama adabu inavyotaka. Wanasheria wameona ni sawa." Akaongeza kwa mazoea ya miaka sita, "Usiwe na wasiwasi. Mfikirie mama..."

Alikatiza. Uso ulimshuka. Semeni alimwangalia hadi Kobelo akageuka.

Taa ya kijani ikawaka. Laki nne za magari zilimpokea: barabarani, nyuani, chini ya mahema ya soko, mbele ya zahanati. Semeni alimuona mama yake uani. Safari hii mama alikuwa ameinua kichwa, beseni tupu, na anamtazama.

"Habari za asubuhi," alisema Semeni. "Mimi naitwa Semeni Kunambi. Ni fundi wa viti hapa Palahala. Mimi ndiye mnayemsikia kila siku."

Kijana wa kwenye kona alikaa wima. Kobelo alishika swichi. Lakini hakubonyeza. Akikata, kikao kimekwisha, na hapakuwa na kingine.

"Kwetu mtu anabisha hodi mlangoni, akiingia ndiyo anasema shida yake," Semeni aliendelea. Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. "Mimi leo nitasema kabla sijaingia. Kiwanda kimeishiwa. Nimetumwa kuchukua betri zenu. Mkinikaribisha, magari yatakuja huku yenyewe, na hayatarudi. Lakini sisi watu elfu tatu tutabaki na kazi, na wengine wetu hatuna pengine pa kwenda. Msiponikaribisha, magari mtabaki nayo, ila hatutakuwepo wa kuyatengeneza yakiharibika. Jumatano niliingia kwa watu tisini na saba bila kusema nimefuata nini. Mama yangu ni mmoja wao. Naomba radhi."

Alivuta pumzi. Ukosi uliisoma.

"Sasa nabisha. Hodi."

Sekunde tano. Kwenye skrini namba zilianza kupanda, zikapanda upesi, kisha zikapungua kasi kama maji yanayofika mwisho wa bomba. Kutoka kwenye spika zilitoka sauti chache, moja moja. Mzee mmoja alisema, "Karibu, mwanangu, chukua, mimi siendi tena popote." Mwanamke fulani alisema, "Loo, pole, dada," na hakukaribisha. Kwingine kulisikika mlango wa gari ukifungwa kwa upole.

"Hodi," alisema mara ya pili.

Wachache zaidi. Wengine walikuwa wanaulizana. Mtu mmoja alitukana.

"Hodi."

Kimya. Kimya cha nyumba yenye watu ndani.

Kobelo alisoma skrini, midomo ikimchezacheza. Waliokaribisha hawakufika hata sehemu moja ya kumi. Kijana wa mnunuzi alitoa kidude sikioni, akakiweka mfukoni, akatoka bila kuaga.

"Basi," Semeni aliwaambia watu wa magari. "Narudi zangu. Asanteni."

Alivua ukosi. Ulikuwa umemwachia alama shingoni.

"Umenisaliti," alisema Kobelo. Hakupaza sauti. "Miaka sita, Semeni. Nilikutoa chini ya meza umejificha. Umetusaliti wote."

"Hapana, Injinia. Nimebisha, kama ulivyoniagiza. Wewe ndiye uliyetaka niingie kimyakimya."

"Na Sikudhani? Utamwambia nini Sikudhani?"

Semeni aliuweka ukosi mezani, taratibu, akatoka.

Sikudhani alikuwa amesimama chini ya ngazi pamoja na wengine. Spika za ukumbini zilikuwa zimewafikishia yote. Semeni alisimama mbele yake. Alitaka apigwe kofi. Sikudhani akajifunga vizuri kitambaa chake, akapita pembeni yake kama mtu anayepita karibu na nguzo.

5

Mchana huo aliomba apewe karoti. Mloka wa getini alimsaidia kuzishusha kutoka kwenye kigari kile kilichotobolewa tumbo, hakumtania. Zilikuwa zimesinyaa. Semeni alizitia kwenye gunia, akajitwika, akatembea hadi Kichangani, nyumbani kwa mama yake.

Njiani aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona. Magari ya Palahala yalipita yakiwa kimya. Watu walikuwa wameyazima sauti. Kwenye nyumba ya tatu kutoka kwa mama yake, muuza mafuta ya taa alisimama barazani, akasema hodi. Hakuitikiwa. Akarudia. Ndani mtu akauliza, "Nani? Una shida gani?" Muuza mafuta akacheka kwa mshangao, kama mtu aliyepewa chenji ya pesa asizozijua.

Semeni alisikia. Alikuwa amesema ukweli wote, lakini Jumatano haikufutika.

Mlango wa mama yake ulikuwa umerudishwa. Zamani mlango huo ulikuwa wazi kutwa nzima. Alama za magurudumu zilikuwa bado mchangani, zinaelekea nje. Aliweka gunia chini, akapangusa jasho, akakaa kidogo na neno lenyewe mdomoni. Lilikuwa na ladha ya shaba.

"Hodi," alisema.

Ndani, maji yaliacha kumiminika.

"Hodi, Mama."

Alisikia kandambili zikija, zikasimama upande wa pili wa ubao. Alimsikia hadi pumzi.

"Hodi."

"Nani?" aliuliza mama yake, ambaye aliijua sauti hiyo kuliko mtu yeyote duniani.

"Mimi Semeni."

"Umefuata nini?"

Semeni aliegemeza paji la uso kwenye mlango.

"Nimerudisha karoti, Mama. Na nimekuja kuziosha."

Kitasa kikazungushwa. Mama yake alifungua mlango kiasi cha gunia kupita, akalishika upande mmoja wakaliingiza pamoja, akamsogezea beseni na kigoda. Waliosha hadi karoti zikaisha, maji yakabadilishwa mara mbili, na mama akamuuliza habari za shingo ile, imepatwa na nini.

Lakini neno karibu hakulisema.